Sanamu Kabla ya Sera: Uhakiki wa Sanaa ya Hadharani katika Jiji la Dodoma Linalokua

Mpango Kabambe wa kwanza wa Dodoma, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na kukamilika mwaka 1976, ulikuwa na msimamo mmoja ambao wahakiki wa sanaa hawajaupa uzito unaostahili: uliikataa minara. Wapangaji wake walitaka makao makuu yasiyojitukuza kwa sanamu kubwa wala majengo ya kutisha, mji wa kutembea kwa miguu, unaofuata umbo la ardhi na vilima vyake, na wenye vitongoji vyenye ukubwa wa kujuana. Msimamo huo uliendana na itikadi ya wakati wake. TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, miaka sita baada ya Azimio la Arusha, na ingekuwa vigumu kueleza kwa nini nchi inayohimiza vijiji vya ujamaa ijenge mji mkuu wa fahari. Kwa maana hiyo Dodoma ilizaliwa ikiwa tayari na sera ya sanaa ya hadharani, ingawa haikuitwa hivyo. Ilikuwa ni sera ya kujizuia.

Msimamo huo haukuwahi kupingwa kwa hoja, ulisahauliwa tu. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Dodoma Mjini watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 ikawahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili, Serikali ilitangaza kuhamia kwa dhati (2016), Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikavunjwa (2017), Manispaa ikapandishwa kuwa Jiji na hadhi ya makao makuu ikawekewa sheria (2018). Wizara zimejengewa mji wao Mtumba. Barabara zimepanuliwa, na kila barabara inapopanuliwa huzaliwa mzunguko, yaani kile ambacho wakazi hukiita kipilefti, na kila kipilefti huacha katikati yake duara tupu linaloita kitu cha kusimamishwa. Uhakiki huu unadai kwamba swali la sanaa ya hadharani Dodoma linajibiwa sasa hivi na maduara hayo, moja baada ya jingine, bila mtu yeyote kuwa ameliuliza. Sera inayohitajika haipaswi kuanza kwa kuorodhesha sanamu zinazotakiwa. Inapaswa kuanza kwa kueleza nani ana haki ya kulijaza duara, kwa idhini ya nani, na kwa muda gani.

Uzito wa neno

Mijadala mingi kuhusu jambo hili hutumia neno “sanamu” kana kwamba halina historia. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kinyago cha kuabudiwa, na Kiswahili hakijalivua kabisa maana hiyo: Mkristo na Mwislamu wote husema “kuabudu sanamu” wanapotaja dhambi ileile. Jirani yake, “sanaa”, nalo la Kiarabu, lilibeba maana ya ufundi wa mikono. Msemaji wa Kiswahili anaposikia kwamba Halmashauri itasimamisha sanamu, husikia jambo tofauti na anaposikia kwamba itaweka kazi ya sanaa. Katika jiji ambalo misikiti na makanisa yanatazamana, tofauti hiyo si ya kamusi tu.

Jambo hili lina matokeo ya kisera. Pwani ya Waswahili, yenye Uislamu wa karne nyingi, haikukosa sanaa ya hadharani kwa kukosa sanamu. Mlango wa kuchongwa wa Lamu, Mombasa au Unguja ni kazi inayoitazama njia, si sebule. Mwenye nyumba huugharimia, lakini mpita njia ndiye anayeusoma kila siku. Bara nako, sanaa ya Wagogo iliyo ya hadharani kuliko zote haisimami mahali: ni ngoma. Muheme, ngoma ya wanawake, na uimbaji wa sauti nyingi ambao Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, huhitaji uwanja, kivuli na watu. Sera itakayotafsiri “sanaa ya hadharani” kuwa ni umbo gumu lililo juu ya jukwaa la zege itakuwa imewatoa Wagogo nje ya sanaa ya mji uliojengwa katika ardhi yao kabla hata ya kamati ya kwanza kukaa. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha sera hiyo hakina budi kufafanua mahali kabla ya kitu: viwanja vyenye miti na sakafu ya kuchezea vihesabiwe kuwa sehemu ya sanaa, si nafasi iliyobaki baada ya sanamu kuwekwa.

Funzo la kipilefti kimoja cha Dar es Salaam

Tanzania ina mfano mmoja wa eneo la sanaa ya hadharani ambao umedumu kwa zaidi ya karne, na unafaa kuchunguzwa kwa utulivu kuliko ulivyozoeleka. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuzima upinzani wa Abushiri na wenzake wa pwani. Wissmann alisimama juu. Chini yake, kwenye ngazi ya jukwaa, alikuwepo askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliing’oa. Haikuyeyushwa. Ilisafirishwa Uingereza, kisha ikarejeshwa Ujerumani na kusimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha miaka ya 1967 na 1968.

Mwaka 1927 Waingereza waliweka Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni askari mmoja wa shaba nyeusi, bunduki yenye singe mkononi, ameinama kidogo kama mtu anayesonga mbele. Jukwaani kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Nairobi na Mombasa zilipata kumbukumbu za nasaba hiyohiyo katika miaka hiyohiyo.

Mfuatano huu unasema mambo ambayo sanamu moja peke yake isingeweza kuyasema. La kwanza ni kwamba askari aliyekuwa chini ya Wissmann amepanda juu, na aliyeondoka ni bwana. Anayeisoma Sanamu ya Askari bila kumkumbuka Wissmann huona propaganda ya kikoloni tu. Anayeisoma kwa kumkumbuka huona pia, pengine kinyume na nia ya waliolipa, badiliko la nani anastahili kusimama katikati ya mji. La pili ni kwamba askari huyo hana jina. Jukwaa linawashukuru wote bila kumtaja hata mmoja, ilhali vita vile viliwaua wapagazi wengi mno wa Afrika Mashariki ambao familia zao ziliyajua majina yao. La tatu, ambalo ndilo la manufaa zaidi kwa mtunga sera, ni kwamba baada ya Uhuru hakuna aliyeing’oa. Taifa lililobadilisha majina ya barabara zinazoizunguka, hata moja ikachukua jina la Samora na nyingine la Azikiwe, lilimwacha askari wa Stevenson palepale. Wakazi walikwisha kuligeuza jina lake kuwa jina la mahali: mtu huagana na mwenzake wakutane “pale Askari”, na anayesema hivyo hana Kipling wala Vita Kuu ya Kwanza akilini.

Hapa ndipo uhakiki mwingi hukosea. Hulichukulia hilo kuwa usahaulifu, kisha hudai watu waelimishwe. Kwa hakika ni umilikishaji. Mji unaokua huchukua kitu kilichowekwa na mamlaka na kukipa kazi ambayo mamlaka haikuikusudia, na kazi ya kuelekeza njia si ya chini kuliko kazi ya kukumbuka. Mwanza imefanya hivyohivyo na sanamu ya samaki iliyo kwenye mzunguko wa Barabara ya Nyerere: kwa vigezo vya chuo cha sanaa ni kazi ya kawaida, lakini imeshika. Sera ya Dodoma inapaswa kuwa na njia ya kupima mshiko wa aina hiyo, na njia hiyo haiwezi kuwa hotuba ya siku ya uzinduzi. Kipimo rahisi kuliko vyote ni miaka kadhaa na masikio ya makondakta wa daladala.

Suala la kufanana

Tarehe 18 Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Kabla vumbi la sherehe halijatulia, Watanzania walianza kujadili jambo moja: je, ni yeye? Wengi walidai kwamba sura ile si ya Mwalimu. Wasomi wa sanaa wanaweza kushawishika kuudharau mjadala wa namna hiyo, wakisema kwamba sanamu si picha ya kitambulisho. Dharau hiyo haina msingi. Wanaosimamishiwa sanamu katika miji ya Afrika Mashariki ni, kwa sehemu kubwa, watu ambao wazee wengi waliwaona kwa macho yao na vijana wamewaona kwenye noti na ukutani ofisini. Kufanana ndicho kigezo pekee ambacho raia wa kawaida amepewa mamlaka ya kukihukumu. Hakuulizwa kuhusu mahali, gharama wala mchongaji. Anapoishikilia sura, anaishikilia nafasi pekee ya ushiriki aliyoachiwa.

Kenya inatoa ulinganisho wenye faida. Kenyatta aliyeketi kwenye uwanja wa KICC, Nairobi, kazi ya mwaka 1973, alichongwa na Mwingereza James Butler, miaka kumi baada ya Uhuru. Mwaka 2007, siku ya kutimia miaka hamsini tangu kunyongwa kwa Dedan Kimathi, sanamu yake ilizinduliwa katika barabara yenye jina lake, na mchongaji alikuwa Mkenya, Kevin Oduor. Miaka minne baadaye Tom Mboya naye akachongwa na Mkenya, Oshoto Ondula. Badiliko hilo halikuondoa ubishi kuhusu sura, na halikupaswa kuuondoa. Lililobadilika ni kwamba mbishaji na mchongaji sasa wanaweza kukutana. Mchongaji aliye ndani ya nchi anaweza kuonyesha kielelezo cha udongo kwa familia, kwa waliomfahamu marehemu na kwa umma, akarekebisha pua na mabega kabla ya chuma kumiminwa. Kanuni moja ya sera ingetosha kuzuia aibu nyingi: hakuna sanamu ya mtu itakayogharimiwa hadi kielelezo chake kiwe kimewekwa wazi kwa muda uliotajwa, mahali ambapo watu wa kawaida hupita, kwa mfano Soko la Majengo, na maoni yao yaandikwe na kujibiwa.

Bado lipo swali la ndani zaidi, nalo ni kwa nini mjadala uwe wa sura peke yake. Sanaa ya uchongaji ya Tanzania inayojulikana kuliko zote duniani haishughulikii sura ya mtu mmoja. Ni ule mnara wa miili ya Wamakonde uitwao ujamaa, ambamo watu wamebebana, mmoja juu ya bega la mwingine, hata jicho lisijue pa kuanzia. Umbo hilo ni la hadhara kwa asili yake. Linasimama wima, huzungukwa na mtazamaji, na linasema jambo kuhusu jamii bila kumtaja mkubwa wala mdogo. Hata hivyo, miaka yote ambayo siasa ya nchi ilibeba jina hilohilo, umbo hilo liliishi zaidi kwenye vibanda vya kuuzia watalii kuliko kwenye viwanja vya miji. Sababu moja ni ya mata: mpingo haupatikani kwa ukubwa wa mnara, na mti wowote uliowekwa nje Dodoma una adui wawili, jua na mchwa. Sababu nyingine ni kwamba walioagiza sanamu walitaka mtu wa kumwekea shada la maua. Sababu ya kwanza inatatulika kwa kubadili mata. Ya pili inahitaji kamati ya uteuzi ambamo wachongaji wenyewe wana kura, si nafasi ya waalikwa.

Nani mwenye mahali

Mtu akiuliza ni nani anayemiliki katikati ya kipilefti, jibu humshangaza. Barabara kuu zimo mikononi mwa TANROADS. Barabara za mijini, tangu 2017, zimo mikononi mwa TARURA. Halmashauri ya Jiji ina mamlaka ya sheria ndogo na usafi, lakini hifadhi ya barabara inatawaliwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ambayo jicho lake lipo kwenye usalama wa magari. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, linashughulika na wasanii na kazi zao, halina ardhi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ni ya wizara. Kwa hiyo eneo lenye kuonekana kuliko yote mjini halina mwenyewe kwa upande wa sanaa, na utupu huo hujazwa na yeyote mwenye fedha na barua. Mara nyingi huyo ni taasisi ya biashara inayojitolea “kupendezesha” mzunguko na kuacha nembo yake.

Si kila kitu kinachotolewa na kampuni ni kibaya. Hata hivyo, zawadi huleta kanuni zake. Mtoaji huchagua umbo, na umbo linalochaguliwa kwa kawaida ni lile lisilomuudhi mtu: mnyama. Dodoma ina hatari ya pekee hapa, kwa sababu simulizi maarufu ya jina lake inahusu tembo aliyezama kwenye matope. Simulizi hiyo ni nzuri, na ubora wake uko katika kuzama, yaani katika kitu kikubwa kilichotoweka chini ya ardhi. Mchongaji mwenye ujasiri angeweza kutengeneza kazi ya ajabu kutokana na kutoweka huko. Tembo wa zege mwenye rangi ya kijivu, aliyesimama salama kwenye majani yaliyokatwa, ataieleza simulizi hiyo kinyume.

Njia ya kutoka si kuunda mamlaka nyingine. Inatosha makubaliano ya maandishi kati ya Jiji, TARURA na TANROADS yanayotaja maeneo machache, pengine kumi tu kwa kuanzia, ambamo idhini ya sanaa itatolewa na kamati moja ya Jiji, huku wahandisi wakibaki na kura ya turufu kwa hoja za usalama pekee. Maeneo mengine yote yabaki na miti. Kizuizi hiki kingekuwa njia ya kuurudia ule msimamo wa 1976 kwa lugha ya leo, na mbuyu katikati ya kipilefti si upungufu wa sanaa.

Asilimia ya nani

Mapendekezo mengi kuhusu fedha hukimbilia kanuni ya asilimia moja: sehemu ndogo ya gharama ya kila jengo la umma itengwe kwa ajili ya sanaa. Ufaransa iliianzisha mwaka 1951 kwa majengo ya elimu. Philadelphia, Marekani, ilikuwa na kanuni ya jamii hiyo mwaka 1959. Kanuni hiyo ni njema pale mji unapowatoza waendelezaji walio chini ya mamlaka yake. Dodoma hali ni tofauti, kwa sababu mjenzi mkubwa kuliko wote ni Serikali Kuu yenyewe, na sheria ndogo ya Halmashauri haiwezi kuipangia Hazina. Isitoshe, asilimia hufuata ujenzi. Ingeimwaga sanaa Mtumba, palipo na wizara na walinzi, na kuiacha Chang’ombe na Majengo, ambako ndiko watu walipo. Kama asilimia itatumika, iwekwe kwa waraka wa Serikali Kuu, iingie mfuko mmoja, na mfuko huo uwe na ruhusa ya kutumia fedha mbali na jengo lililozileta.

Manunuzi nayo ni kikwazo kisichopewa macho. Taratibu za zabuni zimejengwa juu ya vipimo na bei, jambo linalofaa kwa saruji na madawati. Kazi ya sanaa ikishindanishwa kwa bei, mshindi huwa ni mkandarasi anayemlipa fundi kiasi kidogo na kutia sahihi yeye. Mashindano ya hatua mbili, ambayo hatua yake ya kwanza hulipa michoro na ya pili huchagua kwa ubora huku gharama ikiwa imetajwa tangu mwanzo, hulinda fedha za umma vizuri zaidi.

Matunzo, umri na kuondoka

Hali ya hewa ya Dodoma ni ya nusu jangwa: jua kali, vumbi, na mvua chache zinazonyesha kwa kishindo. Zege lenye nondo zilizofunikwa kidogo hupasuka, kwa maana nondo hushika kutu na kuvimba. Nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi hupauka. Kazi isiyo na fungu la matunzo hatimaye hupakwa rangi ya mafuta kila ugeni mkubwa unapokaribia, hadi uso ulionakshiwa unakuwa kama wa ndoo. Hilo si uchakavu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kulindwa dhidi ya kuharibiwa kwa kazi yake, na mkataba wa kila kazi ungepaswa kutaja nani anaruhusiwa kuigusa na kwa rangi gani.

Katika Mkoa huohuo wa Dodoma ipo michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Huelezwa kwa kawaida kuwa ni mabaki ya kale. Maelezo hayo huacha jambo la msingi: baadhi ya maeneo hayo bado hutumiwa na wenyeji kwa tambiko la mvua na uganga. Michoro ile imeishi si kwa sababu mwamba ni mgumu tu, bali pia kwa sababu pana watu wenye shughuli pale. Kuna msuguano wa kweli kati ya mhifadhi anayetaka mwamba usiguswe na mzee anayekuja na pombe ya tambiko, na msuguano huo ni shule bora kwa Jiji kuliko kijitabu chochote cha kigeni, kwa kuwa unaonyesha kwamba mtumiaji na mtunzaji wanaweza kugombana na bado wote wawili wakahitajika.

Kifungu cha mwisho ambacho rasimu za sera hukiogopa ni cha kuondoa. Wissmann aliondolewa na jeshi, kisha na wanafunzi. Hakuondolewa kwa utaratibu mahali popote. Sera ya Dodoma ingeweza kutaja muda wa kila kazi, tuseme miaka ishirini na mitano, baada ya hapo kamati ilazimike kuijadili upya hadharani: ibaki, ihamishwe, irudishwe kwa msanii, au iingizwe kwenye makumbusho pamoja na kumbukumbu za waliyoipinga na waliyoitetea. Zile zilizowekwa kwa muda mfupi, kama michoro ya ukutani na kazi za chuma chakavu za wasanii vijana, zipewe miaka mitatu na malipo yanayolingana na muda huo. Sanamu ya Mwalimu iliyopo Nyerere Square ingeingia katika mzunguko huohuo wa mapitio, na hapana shaka ingebaki; lakini ingebaki kwa uamuzi wa wakazi waliohojiwa, ambao wengi wao hawakuwepo mjini iliposimamishwa.